Chumvi ya Dada Karoli

Wifi yangu Tabitha,

Bwana asifiwe. Goti linaendeleaje, bado linakusumbua asubuhi? Sisi huku Uswidi, hapa Akalla kwa binti yangu, tu wazima, ila baridi ndiyo hiyo imeanza.

Kanisani kuna mjane Mmarekani, dada Karoli, anahamia Zambia moja kwa moja. Jana tulikwenda kwake kumsaidia kufunga mizigo, nikakuta mifuko ya chumvi imejaa begi zima!

“Kwani Zambia hakuna chumvi?” nikamuuliza, binti yangu akitafsiri.

“Ipo. Sitaki kuwasumbua majirani.” Kisha akasema polepole kwamba anaogopa kuzeekea huko bila mtu.

“Sasa dada, ukifika na kila kitu, nani atakuzoea? Shika kikombe, piga hodi, omba chumvi.”

“Hata huku sijawahi!”

“Basi anza na huyo wa mlango wa pili.”

Alitoka na kikombe mkononi. Tulingoja mpaka chai ikapoa. Akarudi na chumvi yake kikombeni, na nyuma yake yule jirani mwenyewe, mzee Mswidi, kabeba keki. Miaka yote hiyo walikuwa wakiinamishiana vichwa tu kwenye ngazi!

Mungu ni mwema, wifi. Mifuko yote ya chumvi katuachia sisi. Mwombee safari, na unijibu upesi.

Wifi yako,
Mama Eliya