Nyembe Zinazopumzika

Jumatatu, 5 Juni 1978

Nimefagia. Nimekuta wembe mwingine. Huu ulikuwa chini ya mkeka. Wa jana kwenye ufa wa mlango. Wa juzi umenata kwenye sabuni, na hapo ni Mungu tu aliyeniokoa.

Mume wangu hatupi wembe. Akishanyolea mara nne tano, anausugua ndani ya gilasi, anautazama kwenye mwanga, kisha anauchomeka popote mkono unapofika. Eti unapumzika. "Wembe haifi, Mama Asha. Iko inachoka tu." Na kweli baada ya wiki mbili anaurudia, anajikata kidevu, anasifu.

Leo Asha amekata kidole. Kidogo, lakini damu ni damu. Ana miaka mitano, mikono haitulii. Nimekasirika hadi sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, ikashika chini ya sufuria. Tumekula hivyo hivyo.

Jumanne, 6 Juni

Nimesaka nyumba nzima. Kwenye bawaba. Kwenye miti ya paa. Ndani ya kofia yake ya kazi ya reli. Mmoja nyuma ya picha ya Rais. Huo niliutoa nikiwa nimechungulia barabara kwanza.

Hamsini na tatu. Sikujua nimeolewa na ghala.

Nimezitia kwenye mkebe wa maziwa ya unga, nikafunika kwa kitambaa cha njano kilichobaki kwenye nguo ya mtoto, nikamwagia nta ya mshumaa pembeni. Hata Asha hawezi. Nilitaka uende chooni leo leo. Baba Asha akaniomba ungoje mpaka arobaini ya mtoto wetu mchanga, Amisi, ipite, pengine kuna mgeni atataka kunyoa. Nimekubali. Ni wa kuhurumiwa, yule.

Jumatano, 7 Juni

Mama mukwe amefika kutoka Lokandu kwa mtumbwi. Samaki wa moshi kitunga kizima. Chipukizi la mgomba limefungwa kwa kanga kama mtoto wa pili.

Ni mama mzuri. Lakini haketi. Hajanywa hata maji, ameshahamisha masufuria yangu. Chumvi sijui iko wapi.

Alhamisi, 8 Juni

Arobaini. Kichwa cha Amisi kinang'aa. Mama mukwe ndiye aliyenyoa, kwa wembe mpya kabisa. Baba Asha alimwagiza mwenzake wa treni autafute Lubumbashi, maana hapa Kindu maduka yana rafu tu. Amisi hakulia. Baba yake ndiye aliyetoa machozi, akasema ni moshi wa kuni.

Nywele zimetiwa kwenye mkebe mwingine wa maziwa pamoja na kitovu kilichokauka. Kesho vitafukiwa na mgomba utapandwa juu yake. Utakuwa mgomba wa Amisi.

Hili silifanyii mzaha. Wa kabla yake nilimzaa safarini, njia ya Punia, na kitovu chake hakuna anayejua kilibaki wapi. Hakufika arobaini. Mama mukwe hakunilaumu hata siku moja. Alisema tu kwamba mtoto ambaye ardhi haimjui hana pa kushika. Maneno hayo ninayo kifuani miaka mitatu. Safari hii nataka ardhi imjue.

Mkebe nimeufunga mwenyewe. Kitambaa cha njano, nta ya mshumaa. Nimeuweka kabatini upande wa kulia. Wa nyembe uko kushoto.

Ijumaa, 9 Juni

Nimeharibikiwa.

Mama mukwe aliamka alfajiri, akapanga kabati (kabati langu), akachukua mkebe, akafukia, akapanda mgomba wake nyuma ya jiko. Mimi nilikuwa nanyonyesha. Baba Asha naye akaambiwa auchukue uliobaki akautupe chooni kabla ya kwenda kazini. Aliyemwambia ni mimi. Kwa kinywa changu.

Tukinywa chai mama mukwe akaniambia, anacheka kwa furaha: "Mukebe ya mutoto iko nzito! Na iko inalia, cha-cha-cha. Huyu atakuwa mwanaume wa nguvu."

Nywele hazilii. Kitovu kimoja hakifanyi cha-cha-cha.

Nikaweka kikombe chini. Nikasema alhamdulillahi.

Baba Asha amerudi saa kumi. Nikamuuliza, umetupa? Akasema ndiyo, akainama kufungua viatu. Sikuuliza zaidi. Chakula kimenishinda.

Jumamosi, 10 Juni

Watu wote salongo, kazi ya lazima ya serikali, kufyeka majani ya barabara. Mimi nimesamehewa kwa ajili ya mtoto. Nilimfunga Amisi mgongoni, nikaenda chooni na kioo cha Baba Asha, nikaelekeza mwanga wa jua ndani ya shimo. Nilitazama mpaka shingo ikauma. Hakuna njano. Kuna mambo mengine, siyaandiki.

Kitovu cha mwanangu kiko humo. Na nyembe hamsini na tatu zinamwagiliwa maji asubuhi na jioni na bibi yake, anaziimbia.

Naogopa. Amisi akipiga chafya naruka. Naogopa pia kumwambia mama mukwe. Sijui ninaogopa lipi zaidi.

Jumapili, 11 Juni

Nimemwambia Baba Asha. Nilishindwa kuendelea kunyamaza. Nilimwambia yote, nalia, nikangoja anipigie kelele.

Hakupiga kelele. Alikuna shingo. Akaenda kwenye mfuko wake wa kazi, akapekua chini ya fulana na chupa ya maji, akatoa mkebe. Kitambaa cha njano. Nta haijaguswa.

Hakuutupa! Alifika mlangoni mwa choo akaona huruma. Nyembe hamsini na tatu, zote zimepumzika vizuri. Akauficha. Siku tatu mwanangu alikuwa anapanda treni na kushuka.

Nimeutikisa. Kimya. Nimeufungua pembeni: nywele laini, na kitovu.

Nilitaka kumpiga. Nimemkumbatia. Halafu nikampiga, kidogo, begani. Mwanaume mwongo, mkaidi, na leo nampenda kuliko siku ya ndoa.

Jumatatu, 12 Juni

Mama mukwe alikwenda kusalimia jamaa upande wa pili wa mto. Kivuko kilipoondoka tu, nikashika jembe.

Mgomba ukatoka taratibu, na udongo wake. Mkebe chini. Cha-cha-cha. Nikabadilisha. Nikasema bismillahi, nikamtaja Amisi jina lake lote, na la yule wa kabla yake pia, kwa sababu nilikuwa peke yangu na nilitaka. Nikapanda, nikakanyaga, nikamwagilia, nikafagia nyayo zangu.

Jioni nikampa Baba Asha mkebe wa nyembe. Akajaribu kusema. Nikamwonyesha kidole cha Asha. Akaenda. Mimi nikasimama nyuma yake mpaka nikasikia umetumbukia. Alirudi ndani kama mtu aliyetoka kuzika.

Jumatano, 14 Juni

Mama mukwe amerudi Lokandu. Tumemsindikiza mpaka ukingoni, mimi na Amisi na kitunga cha muhogo. Mtumbwi ulikuwa tayari. Akamshika mtoto kichwani, nywele zimeanza kuchomoza. Kisha akasema, bila kunitazama:

"Mugomba ile niliipanda imeinamia huku mutoni. Sasa imeinamia mulango wa nyumba."

Nikatazama kitunga cha muhogo.

"Sawa tu, mwanangu. Ajue kurudi nyumbani."

Akapanda, akaketi. Ni mara ya kwanza nimemwona ameketi.

Nilibaki pale mpaka mtumbwi ukapita kisiwa. Sijui alijua tangu lini. Kile kitu kilichokuwa kifuani miaka mitatu nakitafuta, sikioni.

Jioni Baba Asha amenyoa. Alipomaliza aliusugua wembe kwenye gilasi, akautazama kwenye mwanga, akatazama bawaba ya mlango. Nilijifanya nakunja nepi. Akakata kipande cha gazeti, akaufunga mara tatu, akaja kuniwekea mkononi.

"Hii imechoka kabisa," akasema.

Mgomba umetoa jani. Chumvi nimeiona, ilikuwa kwenye kopo la sukari.