Kabla ya Kutia Sahihi Juu ya Kilima Chetu

Koekelberg, Brussels, Oktoba 1993

Kaka yangu mpendwa,

Nakuamkia wewe na nyumba yote, na kuuliza kama kifua cha Mama kimetulia tangu mvua zianze. Mimi ni mzima. Baridi imeingia, nami siihisi sana. Ni vitu vichache ninavyovihisi siku hizi.

Uliniuliza, kwa kuwa ndimi niliyesomea ardhi, kama utie sahihi. Wanajeshi wameondoka kwenye kilima chetu cha malisho, na sasa watu wa hifadhi wanataka kukilinda, wakiahidi kwamba kitakuwa cha wote. Jibu langu lilikuwa ndiyo, hata nilikuwa nimekwisha kuliandika. Kisha Jumapili nikamsindikiza Mzee Jef, yule ninayemwogesha na kumlisha hapa, hadi kijiji alikozaliwa. Bintiye alituendesha.

Kwao ni nyika ya mchanga yenye vichaka vifupi vya maua ya zambarau. Zamani, alinieleza garini, kila nyumba ilichunga kondoo humo, na ilikata tabaka la juu la udongo kutandika zizini, kisha kurutubisha shamba. Jeshi likaizungushia waya kwa mazoezi ya vifaru. Sasa jeshi limekwenda, waya umeng'olewa, na nyika imekuwa hifadhi.

Tulikuta kondoo. Kwetu mtu hapiti kati ya mifugo bila kumsalimu mwenyewe, basi nikamwuliza mlinzi, msichana mpole, kondoo hao ni wa nani. Alicheka. Si wa mtu, alisema; wamekodiwa ili wale miche ya miti, nyika isigeuke msitu. Akautazama mkono wangu uliomshika mzee. "Wako kazini, kama wewe."

Mzee Jef akajitoa mkononi mwangu, akainama, akaanza kukata vichaka kwa kisu cha mfukoni, afunge fagio kama mama yake alivyofunga. Mlinzi akamgusa bega.

"Papa, hapa hatukati."

"Ni yetu hii."

"Ni ya wote. Ndiyo sababu hatukati."

Mzee akaviweka vijiti chini. Njiani alisema mara moja tu: "Wanajeshi walau walijua kwamba wametunyang'anya." Bintiye akaongeza sauti ya redio. Nilitarajia kukasirika, hasira haikuja.

Nimelichana jibu la kwanza. Mlinzi hakuwa mwongo, nyika ni nzuri kuliko ilivyokuwa chini ya vifaru, na elimu yangu yote iko upande wake. Lakini waulize hao wageni wako wa hifadhi, kikaoni mbele ya wazee, kama Mama ataendelea kukata nyasi za kuezekea huko juu, na kama ng'ombe watabaki kuwa ng'ombe wa nyumba fulani. Wakikubali, iandikwe kabla ya sahihi yako. Wakisita, warudishie kalamu.

Nisalimie Mama, shemeji anayempikia, Shangazi anayeongoza kwaya, na Baba Mdogo anayechunga. Huyo mwambie asingoje kikao. Siku utakayoisoma barua hii awapeleke ng'ombe kilimani, wageni wakija wawakute juu.

Ni mimi, mdogo wako,
Bahati