Kengele ya Zaina

Jumatatu, 8 Septemba. Gitega

Kengele ile ndogo. Mlio mmoja tu, kama kijiko kikigonga glasi. Nimetoka nao ofisini, nimepanda nao mlima hadi nyumbani, nimepika maharagwe na bado uko sikioni.

Ni zana ya kompyuta ya Zaina, mwenzangu wa kazini, inayolia hivyo ikimaliza kazi. Zamani kuunda programu ilikuwa kazi yangu. Nilikusanya vipande vya msimbo kimoja kimoja, nikavijaribu, nikavifunga viwe kitu kimoja cha kuingia kwenye simu za wauguzi. Nusu siku. Watu walinisubiri. Sasa Zaina anaandika amri moja, anakunywa chai, kengele inalia. Leo ofisi nzima ilipiga makofi. Hata mimi nilipiga.

Bosi wetu, Bwana Leonidasi, amenipa kazi ya kukagua jinsi zana hiyo inavyoshughulikia makosa. Jumamosi programu mpya ya chanjo inazinduliwa Muyinga, kwao Zaina. Ikienda vizuri, Zaina atakuwa mkuu wetu. Hakuna aliyesema waziwazi. Kila mtu anajua.

Namwonea wivu. Nimeshaandika. Haujapungua.

Jumanne, 9 Septemba

Nimesoma msimbo wake siku nzima. Ni mzuri. Hilo ndilo linaloniuma. Kila kitu kina jina linaloeleweka, kila kitu kiko mahali pake. Nilitafuta kosa kama mtu anayetafuta chawa kwenye kichwa cha mwenzake, kwa hamu. Sikupata. Mchana sikula.

Jumatano, 10 Septemba

Nimelipata.

Umeme ulikatika nikiwa naijaribu zana. Kompyuta ina betri, lakini intaneti ilikufa, na zana ilikuwa katikati ya kuvuta kipande kutoka mtandaoni. Ikakwama. Nikangoja ilalamike. Kengele ikalia.

Nikafungua ripoti yake. Mstari wa kwanza: Ni meza. Yaani habari ni njema, kama tunavyoitikia salamu kwa Kirundi. Mstari wa tatu, chini huko: kipande hakikupatikana, programu mpya haikuundwa. Zaina ameifundisha zana yake adabu. Inaitikia salamu kwanza, ndipo inasema shida. Lakini sehemu inayoiandaa programu kwa ajili ya simu inasoma mstari wa kwanza peke yake. Ikaona ni meza, ikachukua toleo la zamani lililobaki kwenye folda, ikalifunga, ikapiga kengele.

Nilicheka peke yangu. Kisha nikaacha. Shangazi yangu wa Makebuko hupiga simu hivyohivyo. Ni meza, mvua imenyesha, mbuzi amezaa, halafu mwishoni kabisa: babu yako amelazwa. Na kule Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi nilikokulia, tulianza na nzuri, ndipo ikaja ila. Ofisini wote wameziona ripoti za namna ile, hakuna aliyeshtuka. Nani anashtuka akisalimiwa?

Toleo la zamani linaruka watoto waliozaliwa mwisho wa mwezi. Muuguzi hataona majina yao. Mama atashuka mlima kule Gasorwe, karibu na Muyinga, na mtoto mgongoni, ataambiwa siku yake bado.

Jioni bosi alipita mezani kwangu. "Vipi, iko sawa?"

"Iko sawa," nikasema. "Bado naendelea."

Alhamisi, 11 Septemba

Sijasema. Nilijiambia kwamba nahakikisha kwanza. Uongo. Nilishahakikisha kabla ya chai ya asubuhi.

Naiona Jumamosi. Mtandao unasuasua, kengele inalia, watu wanapiga makofi, muuguzi anafungua simu na kukuta programu ya zamani. Zaina amesimama mbele ya watu wa kwao, anabonyeza simu ile tena na tena. Naiona picha hiyo na inanipa raha. Naiandika hapa nisije nikajidanganya baadaye.

Amekuja na sambusa. Akakaa juu ya meza yangu, kama kawaida yake.

"We Mtanzania, mi nakuogopa ukinyamaza hivi. Iko kitu?"

"Hakuna."

"Franchement? Kweli kabisa?"

"Kula sambusa zako, Zaina."

Akacheka. Akasema ni yeye aliyemwomba bosi kazi hii nipewe mimi. Wengine wanasifu tu, hawasomi. "We uko na roho mbaya kwa msimbo wa watu," akasema. "Ndiyo maana nilikutaka."

Kwa hiyo hata ukaguzi huu ni zawadi yake. Hata hapa amenitangulia. Sambusa zilikuwa tamu. Nilichukia kwamba zilikuwa tamu.

Ijumaa, 12 Septemba. Muyinga

Tumefika mchana. Bosi atakuja kesho na wageni. Mimi nimefikia kwa kina Zaina, nyuma ya duka la vitenge la baba yake. Majirani wanaingia bila kubisha hodi kumpongeza. Mama yake amemshonea gauni la kesho. Mimi ananiita mwanangu, na anamaanisha.

Sisi tuliporudi kutoka Tanzania tulikuta watu wengine wanalima shamba letu. Hakuna mlango unaonisubiri hivi popote. Wivu huu si wa zana tu. Leo nimeujua ukubwa wake.

Tulikuwa tunakula. Mama akanipakulia wali mara ya pili. "Eti mwanangu, kazi ya dada yako iko sawa?"

Wote wakanitazama. Jibu lilikuwa tayari mdomoni, lilelile nililompa bosi. Nikaweka kijiko chini. Nikamwomba Zaina twende uani na kompyuta.

Nikamwambia aunde programu. Katikati nikazima intaneti ya simu yangu, ambayo kompyuta ilikuwa inaitumia. Kengele ikalia, naye akatabasamu kwa mazoea. Nikaishusha ripoti hadi mstari wa tatu, nikaweka kidole hapo.

Alisoma. Akasoma tena. Hakuuliza kosa limetokeaje.

"Umelijua lini?"

"Juzi."

"Na jana nilikuuliza."

"Ndiyo."

Akachukua kompyuta, akaingia ndani. Nilibaki uani na gauni lake jipya, limeanikwa kwenye kamba.

Jumapili, 14 Septemba. Gitega

Uzinduzi ulisogezwa hadi alasiri ya jana. Zaina alirekebisha mwenyewe. Sasa kosa ndilo linalotangulia, na zana ikikwama inasimama, haipigi kengele. Majina ya watoto yalitokea yote. Wamama walimpigia vigelegele. Nilisimama nyuma. Wivu ulikuwepo. Upo hata sasa.

Hajasema nami. Kwenye gari alikaa mbele. Bosi anadhani niliona kosa Ijumaa, papo hapo. Alinishukuru mbele ya wageni, kisha pembeni akaniambia kwamba nafasi ya mkuu inabidi aifikirie upya. Zaina alisikia. Hakumsahihisha.

Leo baada ya misa nimeandika ripoti ya ukaguzi. Fupi. Mstari wa kwanza: kosa. Wa pili: nililiona Jumatano, nikaulizwa mara mbili, nikanyamaza hadi Ijumaa. Salamu sikuweka.

Nimeshaituma kwa bosi, na nakala kwa Zaina. Kisha nimeosha vyombo.