Kidole Gumba Juu ya Sabuni

Jumatatu, 4 Agosti

Umerudi leo, eti. Tangu mvua ya kwanza hujagusa daftari hili, we mwanamke. Unapita hapa na beseni lako, unapita na kuni, macho mbele kama humjui mtu. Nani alikukataza kuandika? Hakuna. Uchovu tu. Basi kaa chini na uchovu wako, andika.

Nimeosha kidonda asubuhi. Maji, chumvi, kitambaa safi. Harufu imezidi. Mzee wangu amegeukia ukuta.

Sukari ilianza na macho. Mwaka jana yakazima yote mawili. Sasa imeshuka mguuni. Daktari hakuzunguka: mguu ukatwe chini ya goti, upesi, la sivyo sumu itapanda na tutamzika akiwa na miguu yake miwili. Mzee akasema hapana. Tangu siku ile hasemi tena. Uji anakunywa vijiko vichache, na hivyo ni kwa sababu namtukana.

Shule mimi sikuona hata mlango wake. Herufi alinifundisha yeye, kule Pakwach, kwa chaki, kwenye ubavu wa mabehewa. Ndiyo maana naandika kubwa kubwa na ukurasa unajaa haraka.

Nimempigia Zubeda, binti yetu, aliyeolewa Koboko. Nimemwambia aende kwa fundi bati, atengenezewe gari moshi dogo, kama lile alilofanyia kazi baba yake. Macho hana, vidole anavyo. Labda vidole vitamfungua mdomo.

Ijumaa, 8 Agosti

Zubeda amefika na gari moshi.

Limetengenezwa kwa makopo ya mafuta ya kupikia. Ukichungulia ndani unaona picha ya alizeti. Fundi anaitwa Ezekieli, Mkongo, anajulikana Koboko nzima kwa taa na sigiri za mkaa. Treni hajaona maisha yake yote, na angeiona wapi, reli haikufika huku kwetu, Arua wala Koboko. Yeye alisikia gari moshi, akawaza moshi. Akaweka bomba la moshi juu, refu, limesimama kama mnara wa msikiti.

Neno lilimdanganya. Treni ya Mzee ilikuwa ya dizeli. Yeye alikuwa gadi, mtu wa behewa la mwisho, anayeshika breki ya mkono, Pakwach kwenda Gulu na kurudi. Bomba kama hilo halikuwepo.

Nikamwekea mapajani. Hakugeuka. Halafu vidole vikaanza kutembea vyenyewe. Vikapita magurudumu, vikapanda ubavuni, vikafika kwenye bomba. Vikasimama.

"Nani ameniletea sigiri?"

Zubeda alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nikalia ndani ya leso. Maneno yake ya kwanza baada ya muda wote ule, na ni sigiri.

Akamtukana fundi. Akamtukana Zubeda. Kisha akaomba chakula. Kisra, ule mkate wetu mwembamba, na maharagwe, sahani akaifuta.

Jumamosi, 9 Agosti

Ametoa sharti. Gari moshi litengenezwe la kweli, kama lilivyokuwa. Likiwa la kweli, ataenda hospitali. Kwa treni ya uongo hatoi mguu.

Nikamwapisha. Akasema wallahi. Nikamwambia arudie, akarudia kwa hasira.

Kipimo ametoa yeye. Hatua yake moja kando ya treni iwe upana wa kidole gumba. Kila siku ya kazi alitembea kando ya mabehewa akiyapapasa, breki, minyororo, vishikio. Urefu wote uko mwilini mwake. Anaukariri, Zubeda anaandika kwenye simu, arudi nayo Koboko kwa fundi.

Nina furaha. Naogopa pia. Kidonda hakisubiri mtu.

Jumatano, 13 Agosti

La pili limekuja. Bomba limetoka. Mzee amepapasa, amepapasa tena, ameguna.

"Limenona."

Kweli limenona. Halikuingia hata mapajani vizuri. Zubeda akapiga kelele kwenye simu: Mama, fundi alipima kwa gumba lake mwenyewe! Na gumba la fundi ni nene kama muhogo wa Ayivu. Sisi wote wajinga. Tulisema kidole gumba, hatukusema cha nani.

Nikakata kipande cha sabuni ya kufulia, nikakilainisha kwa maji, nikamshika Mzee mkono. Bonyeza. Akabonyeza. Nikakifunga ndani ya jani la mgomba, nikaenda Koboko mwenyewe.

Ezekieli aliitazama ile sabuni, akanitazama mimi.

"Mama, mutu haone. Anapima nini?"

"Anapima kwa mikono iliyoshika breki kabla mama yako hajakuzaa. Kata bati."

Hakukasirika. Akachukua kipande cha waya, akapima lile shimo la kidole taratibu kama anagusa yai. Akamwita mke wake, akamwambia ole wako ufulie sabuni hii.

Nimerudi mgongo unauma. Miguu yangu imevimba, lakini miguu yangu nani anaiuliza.

Jumatatu, 18 Agosti

La tatu. Ukubwa ni wenyewe. Aliposhika, uso wake ukawa wa kijana. Nikasema alhamdulillahi, kesho hospitali.

Hapana. Ngazi ya gadi imewekwa upande mmoja, na zilikuwa pande zote mbili. Vishikio ni vinene. Na gurudumu la breki, lile la kuzungusha kwa mkono ndani ya behewa lake, limebandikwa tu, halizunguki.

"Breki isiyozunguka inasimamisha nini?"

Makosa ya kweli, siwezi kukataa. Nilisafiri ndani ya behewa lile nikiwa bibi arusi, nimekaa juu ya gunia la pamba karibu na gurudumu hilo. Lilizunguka. Goti langu lilijua.

Lakini kidole cha pili cha ule mguu kimekuwa cheusi tangu Jumamosi. Leo nilipofungua kitambaa nilitoka nje nikatapika, halafu nikarudi nikiimba ili asijue.

Zubeda ameniambia kwenye simu: Mama, Baba anachelewesha. Nikamkatia simu. Nimekata kwa sababu amesema kile ninachokiwaza mimi mchana kutwa.

Jumanne, 19 Agosti

Homa. Hajala.

Nimempigia Ezekieli mwenyewe. Nikamwambia acha taa zako, acha sigiri zako, njoo Arua na vyombo vyako. Akasema Mama nina kazi za watu. Nikasema na mimi nina mtu.

Alhamisi, 21 Agosti

Amekuja. Mungu amlinde huyo mtoto wa watu na gumba lake la muhogo.

Alikaa kwenye mkeka karibu na kitanda, akawasha mkaa ndani ya sigiri yangu, akachomeka chuma cha kulehemu. Chumba kikajaa moshi. Mzee akanusa, akasema sasa hii ndiyo gari moshi. Fundi akacheka. Kutwa nzima wakabishana kama wake wenza.

"Breki, kulia inakaza."

"Kulia kwangu ao kulia kwako, Mzee?"

"Kulia kwa mtu anayetazama mbele! Wewe unatazama wapi?"

"Mimi natazama wewe."

Ngazi zikawa mbili. Vishikio vikawa vyembamba kama sindano. Alasiri fundi akaweka gurudumu la breki juu ya kijiti chake, dogo kuliko kifungo cha shati. Akamweka Mzee kidole juu yake. Mzee akazungusha kulia. Likazunguka, likakaza, likasimama.

Tukangoja.

Vidole vyake vikapita treni nzima, kutoka kichwani mpaka behewa la gadi. Vikarudi. Vikapita tena. Nilimjua. Alikuwa anatafuta. Alitafuta kosa kama mtu anayetafuta mlango wa kutokea.

Halafu akasema, kwa sauti ndogo:

"Bomba la moshi liko wapi?"

Maskini Ezekieli, alishachukua kopo akate. Nikamshika mkono, nikamwambia toka nje mwanangu, chai iko jikoni.

Nikafunga mlango. Nikakaa kitandani.

"Mzee. Bomba ulilitoa wewe. Ulisema sigiri."

Akageukia ukuta.

"Treni iko ya kweli?"

"Iko ya kweli."

"Basi?"

"Naogopa, Mama Zubeda. Nitabaki nusu mtu."

Nilikuwa nimechoka sana kusema maneno mazuri. Nikasema yaliyokuwepo. Kwamba sikuolewa na mguu. Kwamba huo mguu nimeuosha asubuhi na jioni na haujaniambia asante hata siku moja, uende zake. Kwamba mimi naogopa kumwosha mara ya mwisho, mwili wake mzima, na watu wamesimama na sanda. Hilo sikuwa nimelisema mahali popote. Hata hapa.

Alicheka kwa ajili ya mguu. Kisha akalia. Nami nikalia. Kisha akasema nimwitie Ezekieli, yeye ndiye alipe bodaboda ya kwenda hospitali, kwa sababu eti fundi ndiye aliyechelewesha watu siku nzima na bomba lake la uongo.

Ijumaa, 22 Agosti

Wamemwingiza chumba cha upasuaji. Niko nje kwenye benchi. Treni iko ndani ya kikapu, imefunikwa. Mama mmoja kaniuliza kama nauza. Nimekivuta kikapu karibu.

Zubeda anasoma dua. Mimi siwezi hata kusoma. Nakaa.

Ijumaa, jioni

Yuko hai.

Jumapili, 31 Agosti

Kidonda kipya ni safi. Hakinuki. Nakaa karibu na sijazoea, pua inatafuta ile harufu.

Watu wa msikitini wamekuja kumwona. Treni imepita mikono mingi wodini, mpaka muuguzi mmoja alizungusha breki akaulizwa na Mzee alikuwa anatazama upande gani.

Shuka liko tambarare pale mguu ulipokuwa. Mara mbili ameniomba nimkune pale. Nimekuna shuka. Akasema asante.

Ezekieli ameniambia sabuni ameiweka juu ya rafu ya vyombo vyake, na hairudishi. Bomba la moshi niliambiwa nitupe. Nimeliweka dirishani nyumbani, nimepanda kitunguu ndani yake.

Sasa hivi amelala. Kabla ya kulala aliweka kidole juu ya gurudumu, akazungusha kulia mpaka likasimama. Mkono wake bado uko pale.

Nimechoka. Nitalala kwenye mkeka.

Wewe mwanamke, siku ukirudi hapa, njoo na miwani, na usianze na habari za treni. Andika kwanza kama amekula.