Perege Weusi wa Bwawa la Juu

Baba mdogo,

Perege wangu mia nne na kumi na wawili walikufa Jumanne, wiki tatu kabla yako. Wewe ulikufa kwa presha. Wao walikufa kwa neno lako. Shikamoo leo sikupi.

Bwawa lile nililichimba mwenyewe, siku kumi na tisa, nikatandika turubai jeusi, nikawahamishia samaki kutoka bwawa la zamani la udongo. Siku ya tatu wote walikuwa weusi tii. Nikakuita, maana ndiye mwalimu wa baiolojia wa ukoo mzima. Ulisimama ukingoni, hata mkono hukulowesha. "Ugonjwa huo, Ndeshi. Ua wote kabla haujashuka na maji." Tukawafukia migombani, tukamwaga chokaa. Jioni ile ile ukawaambia wazee wanaogawa maji ya mfereji kwamba bwawa langu lina maradhi, na zamu yangu ya maji, Jumanne na Ijumaa, ikahamia shambani kwako. Nami nilikuwa nimekushukuru!

Mmoja alibaki. Nilimsahau kwenye ndoo nyeupe. Kesho yake nikamkuta amepauka, kijivu safi, anafakamia pumba kama mgeni wa harusi. Nikamrudisha kwenye turubai: mweusi. Kwenye ndoo: akapauka. Mara sita, Baba mdogo, na saa nimeandika. Bwana samaki, afisa wa ufugaji, alinicheka: "Dada, hao walikuwa wazima kuliko wewe." Akanieleza kuwa ngozi ya samaki ina seli zenye punje nyeusi. Akiwa juu ya kitu cheusi, punje zinatawanyika seli nzima; akiwa juu ya cheupe, zinajikusanya katikati. Anajificha tu, ndege wasimwone.

Nilikuwa nije nikuulize. Ukafa.

Na kinachoniuma ni yule kinyonga. Nilikuwa na miaka minane, wenzangu wanampiga mawe kwa kuwa amegeuka mweusi. Wewe ukamweka kwenye mkono wa sweta yangu. "Haumwi huyu, kakasirika. Ngoja atulie." Tukangoja wote wawili, akarudi kijani, nami nikaacha kuogopa. Sasa mtu aliyenifundisha hilo anashindwaje kungoja samaki? Uzee? Au maji? Nimepiga hesabu hii kila upande, haitoki.

Jumamosi tunaweka msalaba kaburini kwako, kisha wazee wanakata shauri la zamu yangu ya mfereji. Mpaka leo wananiita mama wa samaki wagonjwa. Nimeombwa niseme machache juu yako, na nitasema mbele ya ukoo wote, ndoo ikiwa pembeni yangu. Mama mdogo hatakosa maji ya ng'ombe, hilo nakuahidi. Yeye hakuniua samaki.

Lala salama, ukiweza. Lakini kwanza uje, ndotoni, mlangoni, popote, uniambie kwa kinywa chako: siku ile ukingoni, ulijua au hukujua? Nakupa mpaka Jumamosi, saa nne kamili asubuhi.