Nyumba yenye madirisha makubwa

Jumapili usiku, Kwa Mrombo

Siku nzima tumebishana juu ya madirisha.

Dalali wa Tanga, ninakohamia kikazi, alituma video za nyumba mbili, nikaziangalia na Mama jikoni, yeye akiwa na sweta na kitenge juu yake. Ya kwanza ina vidirisha vidogo. Mama akasema, "Chukua hii, baridi haitakupata." Ya pili ina madirisha makubwa pande zote mbili. "Hapo utaumwa kifua, mwanangu."

Nilikereka. Nimemweleza mara ngapi kwamba Tanga ni joto, kwamba kule watu wanautafuta upepo? Lakini Mama hajawahi kuishi mbali na Mlima Meru. Ametulea kwa kutufunika.

Kazi ya bandarini naiogopa. Kumwacha peke yake naogopa zaidi, na hilo sikulisema.

Jioni nikampigia dalali, nikachukua yenye madirisha makubwa, kisha nikamwambia Mama. Akaingia chumbani kwake, akarudi na blanketi zito, akalishindilia kwenye begi langu mpaka zipu ikagoma.

Nimetoa viatu ili lienee. Kule sitaweza kujifunika, lakini nitalilalia.