Valvu ya Laini ya Chini

Jumatatu, 2 Februari
Nimefungulia laini ya juu ya maji saa kumi na mbili. Kama kawaida. Mizunguko kumi na minne kwenda kushoto, basi. Nikang'oa gurudumu la kufungulia, nikalitia kwenye kiondo. Ukiliacha pale kwenye valvu, kila mtu wa Endarasha anageuka fundi. Jana kanisani limeanguka sakafuni wakati wa maombi. Pasta akanyamaza. Nikasema amina kwa nguvu.

Jumanne, 3 Februari
Leo ilikuwa zamu ya laini ya chini. Mwenyekiti wa mradi wa maji amekuja na akili mpya: nifungue laini zote mbili nusu nusu, kila siku, ili watu wasilalamike mkutano wa Jumamosi. Anataka kuchaguliwa tena. Nimemwambia hii ni geti valvu, si bomba la jikoni. Ndani kuna bamba la shaba, limeshikwa na chuma cha kuzungushia. Linapanda lote au linashuka lote. Ukiliacha katikati, maji yanalipiga, linatetemeka, linalegea. Kama anataka kupunguza maji, anunue valvu ya kupunguzia.

"Hiyo ni maneno ya vitabu, mama."

Nimetii. Najichukia.

Jumatano, 4 Februari
Valvu zinanguruma. Nimezisikia kabla sijainua kifuniko cha shimo. Watu wa juu wamekuja hapa kwangu: ati nimempendelea mama mkwe, maana shamba lake liko chini. Mama mkwe naye amepiga simu mara tatu. Kabichi zake zinakauka. "Wewe ni bibi ya mtoto yangu ama ni adui?" Yaani niko katikati kama hilo bamba.

Alhamisi, 5 Februari
Balaa. Laini ya chini haina hata tone. Nimekuta alama mpya za spana kwenye chuma cha kuzungushia. Nikaweka gurudumu, nikazungusha kushoto. Kumi na nne. Ishirini. Arobaini! Linazunguka tu, laini kama siagi, na maji hakuna. Nimejua mara moja: bamba limeachana na chuma chake, limekaa chini limeziba.

Nani ataniamini? Mwenyekiti amepaza sauti mbele ya watu kwamba nimefunga maji makusudi. Ile nusu yake ameisahau kabisa. Jumamosi watapiga kura kama nifutwe kazi. Miaka saba! Nalijua bomba hilo kila kiungo, hata pale linapopita chini ya choo cha katekista. Nimelia nyuma ya zizi. Mume wangu anasema niachane nayo, ni kazi ya kelele. Sitaki kuachana nayo. Ni yangu.

Ijumaa, 6 Februari
Mama mkwe hajapiga simu. Hilo limenitisha kuliko kelele. Nimembebea ng'ombe wake mitungi miwili ya maji. Hakuniangalia. "Weka hapo."

Jumamosi, 7 Februari
Mkutano umefanyikia kwenye shimo lenyewe. Fundi kutoka Nyeri mjini amefungua bolti, akavuta chuma. Kimetoka peke yake. Bamba limebaki chini, meno yake ya shaba yameliwa yote. Akasema, hii iliachwa nusu ikalegea, halafu mtu akaikaza na kitu kirefu. Mwenyekiti akaninyooshea kidole.

Mama mkwe akasimama. Akatoa kwenye shuka spana ya marehemu baba mkwe na kipande cha bomba. Ni yeye. Alhamisi asubuhi, akipeleka maziwa. Alikuwa anajiongezea maji kidogo. Valvu ilipogoma, akachomeka bomba kwenye spana, akaning'inia.

Fundi akamuuliza alizungusha upande gani. Akaonyesha kwa mkono.

Kulia.

Mama wa watu amejifungia maji mwenyewe, kwa nguvu zake zote! Watu wamecheka mpaka fundi akakaa chini. Mama mkwe hakucheka. Akasema huyu msichana alikataa hiyo nusu, na aliyeileta asimame pia. Mwenyekiti akaangalia viatu.

Mikono yote imeinuka nibaki. Hata wa mwenyekiti. Alikuwa anajikuna kichwa, lakini katibu ameuhesabu.

Jumanne, 10 Februari
Valvu mpya, geti vilevile. Mambo ya nusu yamekwisha. Nimefika shimoni nikamkuta mama mkwe amekaa kwenye kifuniko na mkebe wake wa maziwa. Nimempa gurudumu. Nikamwonyesha kushoto. Amezungusha polepole, akihesabu kwa Kikuyu, mpaka likagota. Tumesikiliza maji yakishuka.

Hajaniomba msamaha. Ameniuliza kama nimekunywa chai. Nikasema bado. Akanimiminia maziwa kwenye kifuniko cha mkebe, akangoja nimalize.